Mwajabu Aliulizwa, Akanyamaza

Siku shangazi yake Mwajabu alipokataa kukunja mkono wa baibui lake, uwanja mzima wa ndege wa Dar es Salaam ulisimama. Jamani, ulisimama kweli. Mahujaji walikuwa wamejipanga toka mlangoni, birika za udhu mikononi, waliokuja kuwaaga wanalia kama msibani, wapagazi wanapigana vikumbo na masanduku. Na mbele kabisa, kwenye meza iliyotandikwa kitambaa cheupe, kijana wa afya alikuwa kakaa anangoja mkono ambao hauji.

Ulikuwa mwaka ule wa ndui, enzi za Mwingereza. Amri ilikuwa imetoka kwamba hapandi mtu ndege kwenda nchi ya watu mpaka aonyeshe kadi ya chanjo, na kovu lenyewe, kisha atazamwe ulimi na viganja. Na ukisema kwenu Rufiji, ndo basi tena, unatazamwa upya toka mwanzo, maana ugonjwa ulikuwa unasemwa umetokea huko, kwenye visiwa vya mikoko.

"Mama, nionyeshe kovu," kijana alisema kwa upole.

"Kovu langu alilijua marehemu mume wangu," alijibu shangazi Mwanaamina. "Wewe nani?"

"Mimi dresa wa hospitali, mama. Ndiyo kazi niliyopewa."

"Nakwenda kuhiji, mwanangu. Nianze safari kwa kumvulia mwanamume nguo?"

"Yupo mama anayewakagua kina mama nyuma ya pazia. Leo kauguliwa na mtoto, hakuja."

"Basi ndege ingoje mtoto apone."

Foleni nzima iliguna. Hapo ndipo Mwajabu, aliyekuja kumsindikiza tu, alipojitokeza. Alikuwa kavaa gauni la maua ya bluu alilolishona mwenyewe chuoni, viatu vyeupe kavisugua kwa chokaa mpaka vinang'aa, nywele kasuka mistari myembamba inayokutana kisogoni. Alikuwa ndo kwanza kamaliza ualimu, na mtu aliyemaliza ualimu, mnamjua, haoni jambo gumu duniani. Alivua kanga mabegani, akaitandaza kati ya shangazi yake na yule dresa kama pazia, akasema, "Shangazi, pitisha mkono huku chini. Mkono peke yake. Yeye hajui ni wa nani."

"Nitajua ni wa nani," dresa alisema.

"Utajifanya hujui."

Mkono ukapita chini ya kanga. Dresa akaukagua, kovu akaliona, akapiga muhuri kadi. Lakini macho yake, kwa muda wote huo, hayakuwa kwenye mkono. Yalikuwa juu ya kanga, yanatazamana na macho ya aliyeishika.

"Na wako," alisema.

"Mimi sisafiri."

"Najua. Ila umemshika anayesafiri."

"Hiyo amri haipo. Umeitunga sasa hivi."

"Nimeitunga, ndiyo," akakiri, na akacheka, na pengo la jino lake la mbele likaonekana. "Kwenu wapi, bibie?"

"Kibiti."

"Aa, Kibiti. Warufiji wenzangu wa nchi kavu, mkiona dimbwi mnamwita mvuvi."

"Na wewe?"

"Mohoro."

"Wanaokula wali huku wanatazamana na mamba."

"Mamba wa kwetu wana adabu, husubiri umalize. Naitwa Sadala. Kibiti kuna simu?"

"Dukani kwa Husseini."

"Basi Ijumaa, watu wakishatoka msikitini, nenda dukani kwa Husseini ukanunue chumvi."

"Chumvi tunayo."

"Nenda ukanunue tena."

Mwajabu akakunja kanga yake. Lakini njia nzima ya kurudi Kibiti, kwenye basi lililojaa magunia na kuku, alikuwa anajitazama begani, pale kwenye kovu lake la chanjo ya shuleni, kama ndo kwanza analiona.

Ijumaa alikwenda kununua chumvi.

Simu ya Husseini ilikuwa kisanduku cheusi ukutani, kati ya madebe ya mafuta ya taa na majora ya marekani. Unazungusha mkono wake kama unasaga kitu, unaongea hapa, unasikilizia pale, na sauti ya mtu inakujia kutoka mbali sana, nyembamba, imechanganyika na mvumo kama wa nyuki. Husseini, mzee wa haya zake, alimgeuzia Mwajabu mgongo akajifanya anapima maharage. Alipima maharage hayohayo kila Ijumaa.

"Nani huyo?" sauti iliuliza.

"Muuza chumvi."

"Mwajabu. Ua langu."

"Nani kakupa ruhusa ya kuniita ua lako?"

"Serikali."

"Hiyo nayo umeitunga?"

"Nayo. Nambie umevaaje."

"Nimevaa gunia."

"Basi magunia yamepata bahati mwaka huu."

Hivyo hivyo, Ijumaa baada ya Ijumaa. Chumvi ikajaa jikoni mpaka mama yake, Mwanaharusi, akauliza, "Humu ndani tunakausha papa?" Mwajabu akasema chumvi itapanda bei. Kufundisha akawa anafundisha huku anatabasamu ubaoni. Sadala akamwahidi kwamba Idi itakayokuja atapanda basi aje Kibiti, avae kanzu yake ya maana, awasalimie wazee kwa heshima zote, na mwenye kuelewa ataelewa.

Idi haikuwahi. Ndui ilipanda kutoka baharini kwanza.

Barua ya hati mbaya ilifika kutoka Kiongoroni, kule delta mwisho wa mito, kwamba watu wanaugua na bibi yake Mwajabu yuko peke yake na mjukuu. Shule zikafungwa. Njiani wakaweka kizuizi, mabasi hayapiti mpaka abiria wote watazamwe. Baba yake, Mzee Abdulkarimu, aliwakusanya watu wa nyumbani barazani akauliza nani mwenye alama ya chanjo. Ya Mwajabu ndiyo iliyokuwa ya kuaminika, kwa kuwa alichanjwa shuleni. Basi akafungiwa mchele na sabuni, akapandishwa mtumbwi.

Kiongoroni siku hizo palikuwa na kimya ambacho si cha kawaida. Wakata mikoko hawakwenda kukata. Boriti zililala pwani, maji yanakuja yanazipapasa yanarudi. Kwenye milango walining'iniza matawi ya mwarobaini, na jina la ugonjwa hakuna aliyelitamka. Walisema "mgeni". Mgeni kaingia kwa fulani. Mgeni katoka na mtoto wa fulani.

Bibi Tabu, bibi yake, alikuwa na uso wa matundumatundu. Mgeni alimpitia akiwa mwari, akamwacha, na hakuwa na shaka naye tena. Jioni ya kwanza aliwaketisha Mwajabu na Zena kwenye mkeka. Zena alikuwa binamu yake, hirimu yake, kicheko chake kinasikika ng'ambo ya mto.

"Nisikilizeni, wajukuu zangu," alisema. "Mgeni huyu anajua majina. Jua likizama anapita kwenye nyumba anaita. Na haiti kwa sauti yake. Anaita kwa sauti ya unayempenda. Ukiitwa na mtu usiyemwona, funga mdomo. Akuite mara ngapi, funga. Mwenye uso wake atakuja mlangoni apige hodi."

"Na kama naitwa nikale?" Zena aliuliza.

"Cheka tu."

"Nacheka, bibi. Nikiacha nitalia."

Mwajabu naye alicheka, kwa adabu. Chuoni alikuwa amefundishwa ndui inaletwa na nini na inasafiri vipi kutoka mtu hadi mtu, angeweza kukuchorea ubaoni. Halafu ikaja ile jioni. Maji yalikuwa yametoka, tope tupu mpaka kwenye mikoko. Walikuwa ndani wanachambua mchele, Mwajabu na Zena, magoti yanagusana. Zena akainua kichwa.

"Abee mama," alisema.

Mama yake Zena alikuwa kafa mwaka uliopita.

Mwajabu hakusikia kitu. Alimwona tu mwenzake anaweka ungo chini, anajifunga kanga vizuri, anatoka kama mtu aliyetumwa dukani. Alimfuata mpaka kizingitini. Zena alikuwa kasimama uani anageuka huku na huku. Na kwenye tope lote lile, toka nyumbani hadi kwenye mikoko, hapakuwa na alama ya mguu wa mtu.

"Kaniita kabisa," Zena alisema. "Kaniita kama alivyokuwa akiniita nikichelewa kisimani."

Kesho yake homa. Mtu wa chuo angesema homa ilikwishamwingia siku nyingi, na Mwajabu alijiambia hivyo, alijiambia tena na tena, huku anamnywesha uji kwa kijiko kwenye banda la pembeni. Zena akafa mikononi mwao. Waliomwosha walikuwa wawili tu, mwenye kovu la chanjo na mwenye makovu ya ndui, maana wanawake wengine waliogopa kuja. Mwajabu alimwosha nywele. Alitaka kumwita, lakini jina halikumtoka.

Sasa, haya ninayowaambia hakumwambia mtu kwa muda mrefu. Siku chache baada ya mazishi, Bibi Tabu akiwa kwenye sijda ya magharibi, maji yamejaa yanagonga nguzo za nyuma ya nyumba, Mwajabu alisikia anaitwa.

"Mwajabu."

Si kutoka mbali. Nyuma ya ukuta, pale penye maji.

"Mwajabu. Ua langu. Uko wapi?"

Alikuwa Sadala. Sauti yake hasa, ila safi, haina ule mvumo wa nyuki. Mwajabu alijikuta kasimama, mkono uko kwenye komeo, na hakumbuki kuinuka. Kila kitu mwilini mwake kilitaka kusema abee. Alijaza pindo la kanga mdomoni akaling'ata mpaka meno yakauma. Sauti ikaita tena, kwa huzuni sasa, kama mtu anayemtafuta mwenzake gizani. Kisha ikawa maji tu.

Aliporudi Kibiti, kakonda, kope zimemwanguka, Ijumaa ilikuwa ndo hiyo. Akaenda dukani. Husseini alimwona akaacha mizani.

"Bibie, keti kwanza."

"Nimekuja kununua chumvi, mzee."

"Keti, mwanangu. Dereva wa lori la mchele kaleta habari kutoka mjini. Ndui imeingia uwanja wa ndege, kaja nayo abiria. Wale wa afya wamefungiwa wote karantini. Na dresa mmoja imemchukua. Yule kijana wa Rufiji."

"Rufiji wapi?"

"Kasema wa Rufiji. Kwani wapo wangapi?"

"Lini?"

"Mwezi ulipokuwa unaishaisha."

Mwajabu akapiga hesabu ya mwezi na maji kujaa, akaona ni wakati uleule. Hakulia. Husseini alisema baadaye kwamba angelia ingekuwa nafuu. Alinunua chumvi, akalipa, akaiacha kaunta.

Hapo tena ndo mtu anaishi huku hayupo. Alikula akiambiwa ale. Akiitwa na mama yake kutoka jikoni haitiki, anakwenda kwanza amwone uso, ndipo anasema abee. Mama yake akadhani binti kawa kiburi, halafu akadhani kaingiliwa na shetani, akafukiza ubani nyumba nzima.

Ikafika siku moja ya mvua, alasiri. Mama yake kamtuma sabuni. Husseini alikuwa ukumbini nyuma anaswali, duka liko wazi, na simu ikalia. Ikalia weee. Mwajabu akafikiria labda ni mteja, akakitoa kile cha kusikilizia, akakiweka sikioni.

"Husseini? Ni nani hapo? Mwajabu, ni wewe?"

Mwajabu aligeuka akatazama mlangoni.

"Mwajabu, ni mimi Sadala. Usiogope, mpenzi. Nimetoka kule walikonifungia. Palikuwa giza, hakuna kuona mtu, nilikuwa nakuwaza wewe tu. Unanisikia?"

Alisikia. Alisikia na mvua juu ya bati, na Husseini anavyotoa salamu ya mwisho kule nyuma.

"Sina muda, watu wanangoja simu. Nimechaguliwa, Mwajabu. Nakwenda mbali, ng'ambo ya bahari, na kurudi si leo si kesho. Nataka uwe wangu kabla sijaondoka. Nataka nikuoe. Unanikubali?"

Mdomo wake aliufunga kama alivyofundishwa. Akaubana kwa kiganja.

"Mwajabu?"

Mvumo wa nyuki.

Halafu, na hili ndilo lililomtisha kuliko yote, sauti ikacheka taratibu, kwa furaha. "Nimeelewa. Mimi nakuuliza kwenye simu kama nanunua nazi, na wewe binti wa watu. Umeulizwa, umenyamaza. Inatosha. Asante, ua langu. Nitatuma wazee."

Mstari ukakatika.

Sasa nyie mnajua, na Sadala alijua, na kila aliyekaa chuoni kwa mwalimu wa Kurani anajua. Mwari akiulizwa habari ya kuolewa, hasemi ndiyo. Anaona haya, anainamisha kichwa, ananyamaza, na kule kunyamaza ndiyo ridhaa yake. Kijana alikuwa kasikia kimya cha haya. Akatoka posta, mtu mzima na akili zake, akawanunulia kahawa watu asiowajua.

Na Mwajabu akarudi nyumbani na sabuni yake anajua kwamba amekwisha kuposwa na maiti.

Wazee walikuja. Wakati mwenzenu alishaanza kujiambia kwamba simu ile aliiota, mlangoni ikapigwa hodi, na Mzee Bushiri wa Mohoro akaingia na wenzake, kanzu zimepigwa pasi, wamepita kizuizini wakatazamwa ndimi kama watoto. Wakakaribishwa barazani. Mwajabu alikuwa nyuma ya pazia na mama yake.

"Tumekuja kwa ajili ya kijana wetu," Mzee Bushiri alisema baada ya salamu ndefu. "Anaitwa Sadala. Na kwa vile kasema binti mwenyewe kishaulizwa, akanyamaza, tunaona kwa upande wake hapana tatizo."

Mama alimgeukia Mwajabu, jicho limetoka. Lakini Mwajabu alikuwa kashafunua pazia. Mwari, mbele ya washenga, kichwa wazi, kanga iko begani. Wazee wakatazama chini.

"Babu," alisema, na sauti yake ilikuwa kavu kama ya mtu aliyetoka kuugua, "huyo Sadala mmemzika wapi?"

"Tumzike?" Mzee Bushiri aliangalia wenzake. "Mbona juzi nimekula naye pilau."

"Dresa wa Rufiji wa uwanja wa ndege kafa."

"Aa." Mzee akavua kofia, akaishika magotini. "Huyo Swalehe. Mtoto wa Chumbi, hukohuko Rufiji, Mungu amrehemu. Chanjo haikumshika. Walifungiwa hema moja, yeye na Sadala, na Sadala ndiye aliyemuuguza. Wewe nani kakwambia ni Sadala?"

Watu wangetarajia afurahi. Nami ningetarajia hivyo. Lakini Mwajabu hakufurahi, maana alikuwa amekwisha kusikia maneno mazuri kuliko hayo kutoka nyuma ya ukuta wenye maji. Sauti ya simu kaisikia, sasa na wazee wamekuja wanamsemea. Uso bado hakuuona.

"Mimi sikukubali," alisema. "Aliyeniuliza sikumwona. Nilinyamaza kwa hofu, sikunyamaza kwa haya. Hiyo si ridhaa."

"Mwajabu, rudi ndani," baba yake alisema polepole.

"Kwa hiyo nimwambie umemkataa," alisema Mzee Bushiri.

"Usimwambie nimemkataa. Mwambie sijamjibu."

"Kwa mtu anayepanda ndege Ijumaa kwenda Uingereza kusoma, binti yangu, hayo mawili ni kitu kimoja." Akavaa kofia. Hawakunywa hata maji.

Jioni nyumba ilikuwa kama imetoka maiti. Aibu aliyopata Mzee Abdulkarimu pale barazani ilikuwa ya kusimuliwa Kibiti nzima, na kusema kweli ilisimuliwa. Ni mama aliyekuja kukaa kitandani kwa binti yake akamuuliza, "Unamtaka, humtaki?"

"Namtaka, mama. Ila sijui kama ni yeye."

Mwanaharusi alizaliwa Kiongoroni. Hakuhitaji kuelezwa zaidi. Akasema, "Shangazi yako anarudi kutoka Makka wiki hii hii. Lazima mtu akampokee. Nitaongea na baba yako."

Ijumaa uwanja wa ndege ulikuwa umejaa kupita ile mara ya kwanza, ila sasa walikuwa wamefunga kamba. Mwajabu alitazamwa kovu, akatazamwa viganja, akaulizwa ametoka wapi. Aliposema Kibiti akaonyeshwa kwa kidole upande wa kamba wa watu wa Rufiji, wasioruhusiwa kuwakaribia abiria. Upande wa pili, mbali, mahujaji waliorudi walikuwa foleni, na shangazi Mwanaamina, kavaa nyeupe tupu toka kichwani hadi vidoleni, alikuwa anakunja mkono kabla hata hajaambiwa, kwa jinsi alivyokaguliwa kila alikopita.

Na mezani, kwenye kiti cha abiria, alikuwa kakaa Sadala. Dresa mpya anamtazama ulimi.

Alikuwa kavaa suti ya kijivu, tai, kofia, soksi nene, viatu vyeusi vya ngozi. Nguo za baridi, zimemfunika pote. Alipomwona Mwajabu aliondoka kwenye kiti mdomo bado wazi. Akaja mpaka kwenye kamba yake. Kati ya kamba na kamba palikuwa na nafasi ya kupita gari.

"Mwajabu," aliita.

Hakujibu.

"Babu kaniambia. Hukuwa na haja ya kuja mpaka huku, nimeshasikia."

Mwajabu alimtazama usoni. Pengo la jino lilikuwepo. Lakini Zena naye alikuwa na hakika.

"Hata leo hunijibu?" alisema. "Nimekukosea nini? Niambie tu, nikasafiri najua."

"Vua viatu," Mwajabu alisema.

"Nini?"

"Vua viatu, Sadala. Na soksi."

Mtu mwingine angecheka. Waliosimama jirani walicheka. Sadala hakucheka, kwa sababu ni mtoto wa Mohoro, na mtoto wa Mohoro anajua kwamba jini akijigeuza mtu anaweza kuvaa uso wowote na sauti yoyote, ila miguu ya mtu haiwezi, chini ya suruali ana kwato za punda. Alimtazama Mwajabu, akaona alivyokonda, akaona mikono ilivyoing'ang'ania kamba. Akakalia sanduku lake, akaanza kufungua kamba za viatu.

Mzungu wa afya aliuliza kuna nini pale. Dresa mpya akamjibu kwamba hakuna mgonjwa, ni mambo ya harusi.

Sadala akatoa soksi, akasimama kwenye lami iliyochomwa na jua. Ilikuwa miguu ya mtu. Vidole vimetanuka kama vya waliokulia kwenye tope la mashamba ya mpunga, kucha ya kidole kidogo imepasuka. Akavichezesha.

Mwajabu akalia. Alilia hapo yale yote ya toka Kiongoroni.

"Uliniita," alisema. "Kule delta, nyuma ya nyumba ya bibi. Magharibi, maji yamejaa. Uliniita ua langu ukaniuliza niko wapi."

"Mimi sijafika Kiongoroni."

"Najua."

Sadala aliishusha sauti, ikabidi Mwajabu aegemee kamba.

"Swalehe alikata roho jioni. Tulikuwa wawili tu hemani, taa imekwisha mafuta. Niliogopa, Mwajabu. Nikawa naita jina lako. Naita kwa sauti, mpaka mlinzi akaja akadhani na mimi imenipanda kichwani. Nilikuwa nauliza uko wapi."

Walitazamana. Hakuna aliyetaka kuuliza zaidi, wala mimi siwezi kuwaambia zaidi, maana wenyewe hawakujua. Kwa mbali kengele ya abiria ikapigwa.

"Niulize tena," Mwajabu alisema.

"Hapa? Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu, na jua hili."

Sadala alivua kofia. "Mwajabu binti Abdulkarimu. Mimi Sadala, nakwenda masomoni miaka miwili, na nikirudi nakuja kwako. Unanikubali?"

Watu walinyamaza kwa adabu, kumpa nafasi mwari naye anyamaze.

"Nimekubali," Mwajabu alisema, kwa sauti iliyofika mpaka kwenye foleni ya mahujaji.

"Astaghfirullah," alisema shangazi Mwanaamina kutoka upande ule, "mwari anajibu kwa mdomo. Mimi sikumlea hivyo." Na huku anajifuta machozi kwa ncha ya shela.

"Shangazi, wewe utakuwa shahidi," Sadala alimwambia.

"Nitakuwa shahidi kama umeniletea kanga ya kufunika."

Kengele ikapigwa mara nyingine. Dresa mpya akamshika mkono Sadala, basi, bwana, ndege haingoji. Sadala alitaka kuinama avae viatu. Akamwangalia Mwajabu, alivyokodoa macho, bado kaing'ang'ania kamba, bado mwenye hofu kidogo, na hofu ile huenda isingemtoka maisha. Akaacha. Akafunga viatu vyake kwa kamba akavitundika shingoni juu ya tai, akabeba sanduku, akaondoka pekupeku katikati ya Wazungu na Wahindi wanaomshangaa. Alipofika kwenye ngazi za ndege akapanda taratibu, taratibu mno, anainua unyayo mmoja juu, anaugeuza nyuma uonekane wote, kisigino na vidole na vumbi jeupe la uwanjani, ndipo anauweka na kuinua mwingine. Mwajabu alizitazama nyayo zile, hakupepesa, mpaka ya mwisho ilipoingia mlangoni.